Baiskeli Huzaliwa Mara Mbili

Mpwa wangu anachechemea. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mwaka 1996 katika mteremko wa kuingia Bigwa, alipokuwa akitoka Kinole na mikungu sita ya ndizi kwenda sokoni Morogoro. Kila ajapo kunisalimu, humsikia kabla sijamwona, kwa maana hatua zake mbili hazilingani. Watu humpa pole na kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mimi sisemi hivyo. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na katika kurasa hizi nataka kulisema lote, pamoja na ile sehemu inayonihusu mimi mwenyewe.

Wasiotujua Waluguru wafahamu kwanza kwamba ukoo wetu hufuata upande wa mama. Mtoto wa dada yangu ni wa ukoo wangu. Mtoto niliyemzaa mimi ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mpwa akija kwa mjomba wake na shida, haji kuomba hisani. Anakuja kudai kilicho chake, ila anadai kwa adabu. Kijana yule alikuja mwaka 1995, akaamkia, akakaa mkekani, akanywa uji mpaka ukaisha, ndipo akasema, "Mjomba, kichwa changu kimechoka. Mama kasema nije kwako kwa habari ya baiskeli."

Kichwa chake kilikuwa kimechoka kweli. Mlimani kwetu ndizi, nanasi na viungo vilishuka juu ya vichwa vya watu mpaka barabarani, na pale barabarani palikuwa na wanunuzi wenye malori wakingoja. Bei walitaja wao. Mtu aliyeteremsha mzigo tangu alfajiri hawezi kuurudisha juu kwa sababu ya hasira, atauza tu. Lakini mwenye baiskeli alikuwa akiwapita palepale wanunuzi wale, huku akisukuma penye kupanda na kupanda penye kushuka, akaenda kuuza mwenyewe mjini. Hicho ndicho alichokuwa akikidai mpwa wangu. Si chombo cha kutembelea, bali uwezo wa kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo siitaki."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu haufichiki. Nikaenda katika duka moja la mjini. Palikuwa na baiskeli za aina mbili. Moja ilikuwa nzito, nyeusi, ya mtindo wa zamani, na bei yake ilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Ya pili ilikuwa mpya ya kung'aa, nyepesi, yenye rangi nyekundu na maandishi ya dhahabu, na bei yake ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Mwenye duka aliniambia kwamba baiskeli ni baiskeli. Nikamwamini, kwa kuwa nilitaka kumwamini. Nikanunua ile nyekundu, na fedha iliyobaki nikanunulia mabati.

Miezi minane baadaye foku ilikatika. Foku ni ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Ukikatika katika mteremko, aliye juu hana la kufanya. Kijana alirushwa mbele, na mzigo wote ukamfuata. Alilala hospitali wiki sita. Ndizi ziliokotwa na wapita njia.

Baiskeli ile nilimpelekea fundi mmoja wa Mji Mpya, mtu aliyefanya kazi chini ya mti akiwa na spana chache, nyundo, jiwe la kunolea na karai la maji la kutafutia matundu ya tyubu. Akaitazama foku pale ilipokatika, akanionyesha kwa ncha ya msumari. Bomba lilikuwa jembamba mithili ya kopo la maziwa, na pale lilipoungwa palikuwa na moto kidogo tu wa kulehemu, kisha rangi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, hii huko ilikotoka ilikusudiwa kumbeba mtu mmoja anayekwenda kazini. Hapa mnaibebesha shamba."

Akaweka foku nyingine aliyoitoa katika baiskeli kuukuu. Akaongeza vyuma viwili vya kuishikiza kutoka kwenye ekseli hadi chini ya usukani. Akaitupa karia iliyokuja nayo, akatengeneza nyingine ya nondo. Akabadilisha gololi, akakaza spoku zote moja moja, huku akizigonga na kusikiliza mlio. Siku tatu. Akanitoza fedha ambayo leo naona haya kuitaja, na hata hiyo nilimwomba apunguze. Baiskeli ile ilitumika miaka 12 baada ya hapo.

Tangu siku ile naamini kwamba baiskeli zetu huzaliwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani ng'ambo, na mara ya pili chini ya mti. Kuzaliwa kule kwa kwanza kuna vitabu vyake, takwimu zake, meli zake na mikataba yake. Huku kwa pili hakuna anayekuhesabu. Ugomvi wangu uko hapo.

Hebu tuitazame biashara hii ilikotoka. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, Wazungu na Wamarekani walizikimbilia baiskeli kwa mamilioni, na mpira ukapanda bei. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908, na kila mtu anajua habari ya mikono iliyokatwa kule. Kwa hiyo Mwafrika aliingia katika biashara ya baiskeli mapema sana, ila aliingia kwa upande wa kubeba mpira mbichi. Baadaye alipewa nafasi ya pili, ya kununua. Nafasi ya tatu, ya kutengeneza, bado tunaingoja.

Katika utoto wangu baiskeli ilikuwa Raleigh ya Nottingham, na aliyekuwa nayo alikuwa karani, katekista au mwenye duka. Kisha China ilipotujengea reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ujenzi zilipatikana kwa sisi kununua bidhaa za China, na miongoni mwa vitu vya Kichina vilivyozoeleka nchini ilikuwemo Phoenix ya Shanghai. Reli ile inapita Mlimba na Ifakara, katika mkoa wetu huu, na atakaye kuona mji unaoishi kwa baiskeli aende Ifakara. Baadaye zikaja za India, Hero na Avon. Tulikuwa na yetu pia, Swala, iliyotoka katika shirika la umma la NABICO pale Dar es Salaam. Swala hayupo tena. Na hata Raleigh yenyewe ilifunga kazi ya kuunganisha baiskeli Nottingham mwaka 2002. Bidhaa ilihamia kwenye mikono ya bei nafuu zaidi.

Ninapofika hapa, rafiki yangu mmoja aliyesoma uchumi huniambia, "Mwalimu, acha kulia. Kama Mchina na Mhindi wanaweza kukutengenezea kwa bei ndogo, nunua, ushukuru. Bei rahisi ni faida ya maskini." Hoja hii si ya kijinga, nami siipuuzi. Naikumbuka vema miaka ya mwanzo ya 1980, tulipojaza majani makavu ndani ya tairi kwa kuwa tyubu hazikupatikana, na baiskeli ilitafutwa kwa kibali na kwa kujuana. Asiyeikumbuka njaa ile ya vitu asinifundishe uzalendo. Milango ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984 nilifurahi kama wengine.

Lakini namwuliza rafiki yangu: rahisi kwa nani? Nilipojumlisha bei ya baiskeli nyekundu, wiki sita za hospitali, ndizi zilizopotea, msimu uliopita bila kulimwa, na malipo ya fundi, nilikuta nimenunua ile nyeusi mara tatu. Wazee walisema rahisi ni ghali. Mchumi anaiona bei ya dukani kwa kuwa imeandikwa kwenye risiti. Mguu wa mpwa wangu hauna risiti.

Tena, wanaotuhubiria soko huria hawaliamini hata wao likifika mlangoni kwao. Mwaka 1993, wakati sisi tukiambiwa tuuze mashirika yetu, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, Jumuiya ya Ulaya iliziwekea baiskeli za China ushuru maalumu wa asilimia 30.6, ikisema zinauzwa chini ya thamani yake na kuua viwanda vyao. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaupandisha hadi asilimia 48.5, na ukaendelea kuurefusha. Siwalaumu, wanalinda mafundi wao. Ila nataka msomaji alitazame jambo hili vizuri. Mjerumani na Mtaliano, matajiri wale, wanaogopa baiskeli rahisi, na mtu wa Kinole anaambiwa aifurahie.

Upande wa pili yuko mzalendo wa jukwaani. Huyu husema, "Tupige marufuku za nje, tujenge kiwanda kikubwa chetu!" Hupigiwa makofi. Mimi sipigi, kwa kuwa naishi Morogoro. Hapa tulijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutosheleza nchi nzima na kupeleka sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Kilijengwa kwa kuta za aluminiamu zisizopitisha hewa, katika mji huu wenye joto hili. Uzalishaji wake haukupata kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Wakati wote huo, mafundi viatu wa mjini waliendelea kukata ndala kutoka matairi makuukuu ya gari, na wateja wakapata cha kuvaa. Hakuna aliyewauliza lolote wakati wa kuchora ramani ya kiwanda. Kosa lile tukilirudia katika baiskeli, tutapata magofu mengine.

Je, waliofaulu walianzaje? Wao hawakuanzia kwenye kiwanda kikubwa. Ndugu wa ukoo wa Munjal wa India walikuwa wauza vipuri vya baiskeli. Mwaka 1954, pale Ludhiana, waliacha kuwa wauzaji tu wakaanza kutengeneza. Walianza na nini? Usukani na foku. Naam, foku! Mwaka 1956 ndipo walipoanza kutoa baiskeli nzima kwa jina la Hero, na ilipofika 1986 walikuwa wameandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa watengenezaji wa baiskeli nyingi kupita wote duniani. Vivyo hivyo kule Japani. Shimano, ambaye leo vipuri vyake vimo katika baiskeli za bei kubwa duniani kote, alianza mwaka 1921 katika mji wa Sakai, na alianza na kipuri kimoja tu cha gurudumu la nyuma, katika mji uliokuwa na mafundi wa visu na bunduki tangu zamani. Waliokuwa na ufundi mkononi waliachiwa nafasi ya kuukuza. Mlango wa kuingilia katika biashara hii ni kipuri.

Basi sisi tuna nini? Tuna fundi wa Mji Mpya, na wenzake katika kila njia panda tangu Mikese hadi Mlali, wanaojua kwa vidole vyao ni wapi fremu ya Asia hukatika ikibebeshwa magunia ya mkaa. Ujuzi huo hauko Shanghai wala Ludhiana. Upo huku tu, kwa kuwa mizigo iko huku. Mpira unalimwa katika mkoa huu huu, katika shamba la Kalunga wilayani Kilombero. SIDO tunayo tangu 1973. Chuo cha VETA kipo Kihonda, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka mjini. Na tazama majirani zetu wa Kivu: watu wa Goma, pasipo mkopo wala mtaalamu, walichonga mbao wakatengeneza chukudu, chombo cha magurudumu mawili kinachobeba viazi na makaa kuteremka milima, tena kinabeba kuliko baiskeli yoyote ya dukani. Mwaka 2009 walikisimamishia sanamu mjini. Sisi fundi wetu tunamsimamishia nini? Tunamwomba apunguze bei. Nilimwomba mimi.

Kuna na wafadhili, nao tuwaseme kwa upole maana nia yao ni njema. Hutukusanyia baiskeli zilizochakaa Ulaya, wakazijaza katika kontena, zikaja. Nyingine ni imara kweli na zimewafaa watu. Lakini nyingi zina gia ambazo vipuri vyake havipatikani hapa, au ni za watoto, au ni za mashindano, zenye tairi nyembamba kama kidole. Zikiharibika mara ya kwanza zinakuwa chuma chakavu. Mfadhili mwema, ukisoma haya, tuletee kontena la mabomba ya chuma kizuri, mashine za kupindia na za kulehemu, na mtu wa kukaa na mafundi mwaka mmoja. Hilo litabeba watu wengi zaidi.

Na serikali isijenge kiwanda. Ifanye mambo matatu madogo. Kwanza, chuma na bomba vinavyoingia kwa ajili ya fundi visitozwe kodi iliyo nzito kuliko ya baiskeli iliyokamilika, kwa maana kufanya hivyo ni kumwadhibu atengenezaye na kumtuza achuuzaye. Pili, inaponunua baiskeli kwa ajili ya wahudumu wa afya au mabwana shamba, iandike katika zabuni kwamba karia, stendi na foku vitoke kwa vikundi vya mafundi wa mikoani, vikiwa vimepimwa kwa uzito wa mizigo yetu halisi. Tatu, fundi wa chini ya mti apewe mahali. Kila unapopangwa mji upya, yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa na mgambo.

Najua nitaambiwa, "Mzee, umechelewa. Siku hizi ni bodaboda. Baiskeli imepitwa na wakati." Kweli, pikipiki zimepanda mpaka kwenye vijiji vya mlimani ambavyo baiskeli haikuwahi kufika, na mtoto wa mpwa wangu anayo moja. Lakini simama asubuhi katika barabara zinazoingia mjini uhesabu mikaa, madumu ya maziwa, kuni na matenga ya kuku yanayokuja kwa baiskeli, ndipo uniambie imepita. Na hata kama ingepita, pikipiki imekuja kwa njia ileile: inatoka China na India, ikifika hapa fundi anaiongezea karia ya nondo na kuimarisha mahali inapokatika, na hakuna amhesabuye. Darasa ambalo hatukulifaulu kwa baiskeli tunalirudia kwa pikipiki, kwa ada kubwa zaidi, na mafuta juu yake.

Sina ugomvi na Mchina wala Mhindi. Mhindi alikuwa fundi wa vipuri kama huyu wangu, na nchi yake ikampa nafasi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokwenda dukani na kuhesabu bei tu, kisha tukafika kwa fundi tukabishana naye juu ya shilingi mia. Nilifanya yote mawili katika mwaka mmoja, na aliyelipa ni mtoto wa dada yangu.

Foku ile ninayo. Imening'inia kwenye msumari ukutani hapa ninapoandikia, rangi yake nyekundu bado inang'aa, na pale ilipokatika ni pembamba vilevile. Mtu akitaka kunieleza kwamba hatuna haja ya kutengeneza chochote maadamu wengine wanatuuzia kwa bei ndogo, nitamkaribisha. Nitaitungua, nimpe aishike mkononi. Kisha nitamtuma mtoto akamwite mpwa wangu, na tutakaa kimya tukimsikiliza anavyokuja.